Pepsi ilivyofilisika mara mbili, Coca-Cola wakakataa kuinunua, kisha chupa kuukuu za bia zikaiokoa (uzi mrefu)

Kizibo (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu. Kila tukizungumzia kampuni zilizopita kwenye moto zikatoka hai, lazima mtu aitaje Pepsi ya miaka ya 1930. Na kila mara husimuliwa vilevile: alitokea jamaa mwenye akili nyingi, akaongeza ujazo, akashusha bei, akamtoa jasho Coca-Cola. Mimi nimeichimba sana habari hii, hasa hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo la Delaware, Marekani, ya mwaka 1939, na nasema simulizi hiyo inamficha mtu mmoja. Inamficha aliyelipa. Kaeni mkao wa kusoma.

Tuanzie New Bern, mji mdogo wa North Carolina. Caleb Bradham alitaka kuwa daktari. Alikuwa anasomea udaktari Maryland pale biashara ya baba yake ilipofilisika, masomo yakaishia njiani, akarudi kwao na baadaye akafungua duka la dawa. Yaani soda yenyewe haijazaliwa, ufilisi umeshabisha hodi. Mwaka 1893 akaanza kuwachanganyia wateja kinywaji chake pale kaunta, kikaitwa Brad's Drink. Tarehe 28 Agosti 1898 akakibadilisha jina kikawa Pepsi-Cola, jina lililotokana na neno la kitabibu la tumbo lisilosaga chakula vizuri. Msishangae. Soda nyingi za zama zile zilizaliwa duka la dawa na zilinadiwa kama tiba.

Mambo yalimwendea vizuri. Kampuni ikasajiliwa mwaka 1902. Mwaka 1903 aliuza galoni 7,968 za shira, ile shira nzito inayochanganywa na maji ya gesi, na mwaka uliofuata galoni 19,848. Kufikia 1910 alikuwa na wenye viwanda vya kujaza chupa katika majimbo 24.

Kilichomwangusha ni sukari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani iliishikilia bei ya sukari. Vita ikaisha, mkono wa serikali ukaondoka, bei ikapaa. Mei 1920 sukari ghafi ya Cuba ilifika senti 22.5 kwa ratili (karibu nusu kilo), wakati kabla ya vita ilikuwa senti chache tu. Bradham akaona itazidi kupanda, akanunua akiba kubwa kwa bei ya kileleni. Kufikia Desemba mwaka huohuo ratili ilikuwa chini ya senti 4. Amejaza ghala kwa mali iliyopoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake ndani ya miezi saba.

Mwaka 1923 kampuni ikatangazwa mufilisi. Jina na alama ya biashara vikauzwa kwa Craven Holding Corporation kwa takriban dola 30,000. Bradham akarudi kwenye duka lake la dawa.

Naendelea baadaye, ngoja nivute pumzi.

BintiSukari

Mkuu Kizibo, swali kabla hujaendelea. Sukari ilipopanda kwa nini asipandishe tu bei ya soda? Mtu wa duka la dawa anajua hesabu bwana.

Kizibo

Dada BintiSukari, swali zuri kuliko uzi wenyewe.

Soda ilikuwa senti 5. Haikuwa bei tu, ilikuwa mazoea. Coca-Cola ilianza kuuzwa senti 5 mwaka 1886, na katika sehemu nyingi iliendelea hivyohivyo mpaka miaka ya 1950. Kulikuwa na sarafu moja ya senti 5, na mteja alizoea kuitoa hiyohiyo moja. Ukimwambia 6 anaanza kutafuta sarafu nyingine mfukoni, na akitafuta anapata muda wa kufikiri kama kweli ana kiu.

Halafu usidhani Coca-Cola walikuwa salama. Nao mwaka 1920 walinaswa na sukari ya bei mbaya, tena walikuwa na mikataba ya tangu 1899 iliyowafunga bei ya shira kwa wajazaji wao. Wakafikishana mahakamani. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kifua kipana cha kupokea pigo lile. Bradham hakuwa nacho.

MzeeWaLeja

Nimefanya kazi na vitabu vya hesabu maisha yangu yote, nawaambia hakuna kitu kinachoua kama akiba iliyonunuliwa kwa hofu. Deni linabaki palepale, mali inayeyuka. Endelea kijana.

Kizibo (sehemu ya pili)

Ahsante mzee. Tuendelee.

Jina lile likanunuliwa na dalali wa Wall Street aitwaye Roy Megargel, kwa dola 35,000. Akahamishia kampuni Richmond, Virginia. Huyu hakuwa mtu wa soda. Alikuwa mtu wa hisa aliyependa jina, na kwa miaka kama minane alilisha kampuni kutoka mfukoni mwake bila kuona faida. Mwaka 1928 alijaribu kumshawishi mfanyabiashara mmoja aitwaye Charles Guth aingie naye. Guth akakataa. Likumbukeni jina hilo.

Oktoba 1929 soko la hisa likaporomoka. Benki zikafungwa kwa maelfu. Kufikia 1933 mfanyakazi mmoja katika kila wanne Marekani alikuwa hana kazi. Sasa mtu aliyekuwa akiendesha soda kwa pesa za Wall Street angefika wapi? Mwaka 1931 Pepsi ikafilisika mara ya pili.

(Kidokezo cha pembeni: 7UP ilianza kuuzwa Oktoba hiyohiyo 1929, wiki kama mbili kabla ya mporomoko, na ikapona. Kwa hiyo wanaosema "mdororo uliua kila kitu" wapunguze sauti.)

Wakati huo yule Guth alikuwa ameshakuwa rais wa kampuni ya pipi na chokoleti ya New York iitwayo Loft. Si kampuni ndogo. Kiwanda chao kikuu kilikuwa Long Island City, na mwaka 1931 walikuwa na maduka 115 pwani ya mashariki. Ndani ya maduka kulikuwa na kaunta za soda, na kwenye kaunta hizo walikuwa wakimwaga Coca-Cola: zaidi ya galoni 30,000 za shira kwa mwaka.

Guth alitaka punguzo. Mteja mkubwa kama yeye, alisema, hawezi kulipa sawa na kila mtu. Coca-Cola wakamgomea. Mei 1931 akamwandikia makamu wake barua fupi ya ndani akiuliza kwa nini wanalipa bei kamili, na kama wasingeweza kununua ile soda nyingine kwa kama dola moja galoni. Jina la hiyo soda nyingine akaliandika Pebsaco. Na b. Barua imo kwenye kumbukumbu za kesi. Mwokozi wa Pepsi alikuwa hajui hata herufi zake, alichojua ni kwamba ana hasira na muuzaji wake.

Basi Pepsi ilipouzwa kwa amri ya ufilisi, Guth na Megargel wakainunua: jina, alama ya biashara na fomula, vyote kwa dola 10,500. Linganisheni na zile 35,000 za awali. Thamani ya jina imeshuka zaidi ya theluthi mbili. Guth alionja shira, hakuipenda, akamwita mkemia wa Loft airekebishe. Shika hapo: mkemia *wa Loft*.

Mpingaji

Mleta uzi naona unapika kesi mapema. Jamaa kanunua kampuni iliyokufa mara mbili, katikati ya njaa, wakati watu wanaficha pesa chini ya godoro. Huo ni ujasiri. Angeshindwa nani angemkumbuka?

Kizibo

Mpingaji ndugu yangu, nakubali mnunuzi wa 1931 alikuwa na roho ngumu. Swali langu ni moja: roho ngumu kwa pesa ya nani? Subiri.

Kwanza tumalize aibu ya 1931 hadi 1933. Guth akaitoa Coca-Cola kwenye maduka ya Loft akaweka Pepsi. Wateja wakakunja uso. Mtu kaingia, kaagiza kinywaji anachokijua, kapewa kingine. Coca-Cola nao wakatuma wapelelezi wao wakae kwenye kaunta waagize Coca-Cola, waone wanaletewa nini, kisha wakaenda mahakamani. Hawakufanikiwa kumbana. Lakini hasara kwa Loft ilikuwa kweli. Baadaye mahakama ilikadiria faida iliyopotea kwenye maduka yale kwa kuiacha Coca-Cola kuwa takriban dola 300,000. Na nje ya maduka ya Loft, Pepsi ilikuwa karibu hainunuliki.

Mwaka 1933 Guth akakata tamaa. Akawaendea Coca-Cola, hao hao mahasimu wake, awauzie Pepsi. Wakakataa.

Nikifika hapa huwa nacheka peke yangu. Wangeweza kuizika kwa pesa ya matumizi madogo ya ofisi. Lakini jiweke kwenye viti vyao Atlanta mwaka 1933: Robert Woodruff anaongoza kampuni iliyo imara kuliko karibu zote nchini, mbele yake analetewa jina lililofilisika mara mbili katika miaka 8. Ungenunua? Mimi nisingenunua. Wanaowacheka leo wana faida ya kujua mwisho.

BintiSukari

Sasa chupa za bia zinaingia wapi? Ndizo zilizonileta humu.

Kizibo (sehemu ya tatu)

Haya dada, chupa.

Kanuni ya biashara wakati ule: soda ni chupa ya aunsi 6 na ushee (aunsi moja ni kama mililita 30), senti 5. Coca-Cola walikuwa na chupa yao maarufu ya kiuno iliyobuniwa 1915, aunsi 6.5. Mamilioni kwa mamilioni ya chupa hizo yalikuwa yakizunguka nchini, zinarudi, zinaoshwa, zinajazwa tena. Ulikuwa utajiri, na kama tutakavyoona, ulikuwa pia pingu.

Guth hakuwa na pesa ya kuagiza chupa mpya. Zilizokuwepo kwa bei ya kutupa ni chupa za bia zilizokwishatumika, za aunsi 12. Ndizo alizojaza. Akaanza kuuza Baltimore kwa senti 10. Kwa hesabu ya kawaida ni haki: soda karibu mara mbili, bei mara mbili. Haikwenda. Mtu asiye na kazi senti 10 haitoi kwa soda hata umwekee ndoo.

Mwaka 1934 akashusha: aunsi 12 kwa senti 5. Bei ileile ya chupa ndogo ya jirani. Naomba ieleweke kwamba huu haukuwa mkakati uliokaliwa vikao. Ni mtu aliyejaribu senti 10 ikagoma, akajaribu kujiuza akakataliwa, kabakiwa na rundo la chupa kuukuu na bei moja tu iliyobaki kujaribu.

Ikaenda kama moto wa nyikani. Wenye viwanda vidogo vya kujaza chupa waliokuwa wanakufa njaa wakaanza kuomba leseni. Kufikia 1936 faida ya mwaka ilikuwa imepita dola milioni 2. Kampuni ya dola 10,500!

Caleb Bradham alifariki Februari mwaka huo huo wa 1934, New Bern. Hakuliona hili.

Mkokotoaji

Wakuu naomba niingie na kalamu, maana wengi mtajiuliza alipataje faida akitoa mara mbili kwa bei ileile.

Soda unayokunywa sehemu kubwa ni maji. Kwenye senti 5 za mteja, kilicholiwa zaidi si kimiminika. Ni chupa, kizibo, kuosha, mishahara ya kiwandani, kreti, gari, dereva, na fungu la mwenye duka. Dereva analipwa kwa siku, hajali chupa ina aunsi 6 au 12. Kizibo ni kimoja. Ukiongeza kimiminika mara mbili, gharama yote haipandi mara mbili hata kidogo. Kreti inakuwa nzito zaidi, mafuta ya gari kidogo, basi.

Kitu pekee cha maana kinachoongezeka ni sukari. Chupa ya aunsi 12 ya kola, kwa vipimo vya siku hizi, ina sukari kama gramu 40. Ratili ni gramu 454. Kwa hiyo ratili moja inatoa kama chupa 11. Chukua bei ya Mei 1920 aliyoitaja Kizibo, senti 22.5: kila chupa inakula senti 2 za sukari peke yake, katika soda ya senti 5. Umekufa kabla ya kuosha chupa. Sasa njoo 1932: sukari ghafi ya Cuba ilishuka mpaka chini ya senti 1 kwa ratili, kabla ya ushuru wa kuingiza Marekani. Tuseme kwa ushuru na usafishaji kiwanda kinailipia senti 4. Chupa hiyohiyo kubwa inakula kama senti 0.36 tu.

Yaani kitu kilekile kilichomuua Bradham kwa kupanda na kushuka ndicho kilichompa Guth nafasi ya kumwaga bila kupima. Bradham angezaliwa miaka 12 baadaye tungekuwa tunaimba jina lake.

Kizibo

Mkokotoaji, nina hukumu nzima kichwani lakini hii ya sukari kurudi kwa mlango wa pili sikuwahi kuiweka hivyo. Nondo.

MzeeWaLeja

Na Coca-Cola kwa nini wasijibu? Walikuwa na mtaji wa kumfuata.

Kizibo

Mzee, ndizo zile pingu nilizosema. Kama Coca-Cola wangetaka kutoa aunsi 12, wangelazimika kuzitupa chupa zote zile za kiuno na kuwashawishi wajazaji wao kote nchini wanunue mpya. Kushusha bei ya chupa ndogo? Chini ya senti 5 hakuna sarafu moja inayotosha ila senti moja moja, na faida ya wajazaji ingekatika. Na walikuwa hawana dharura. Hata katika mdororo ule waliendelea kupata faida nzuri, matangazo yao yalikuwa kila kona, yule Santa wao mwenye mashavu mekundu alianza mwaka 1931. Mtu aliyeshiba hakimbizani na mwenye chupa za jalalani.

Walichofanya ni kwenda mahakamani kuhusu neno "cola". Kesi ya Canada ilifika mpaka Baraza la Faragha kule London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya himaya ya Uingereza, na mwaka 1942 Pepsi ikashinda.

Mpingaji

Sawa, lakini bado sijaona mwizi. Mpaka hapa naona mtu aliyekosa chupa akapata akili.

Kizibo (sehemu ya nne, ndiyo niliyoifungulia uzi)

Sasa ndugu Mpingaji, tuingie mahakamani.

Ile Pepsi mpya ya 1931 haikuwa mali ya Loft. Hisa zilikaa kwa Guth na kwa kampuni ya familia yake iitwayo Grace, ya kutengeneza shira, iliyokuwa Baltimore na hali yake kifedha ilikuwa mbaya. Mwishoni Guth na Grace walimiliki kama asilimia 91 ya hisa zote. Lakini nani aliifanyia kazi? Fomula imerekebishwa na mkemia wa Loft. Shira imepikwa kwenye kiwanda cha Loft, na vibarua wa Loft. Pesa za kuzungushia biashara zimetoka Loft. Mteja mkuu wa mwanzo, aliyelazimishwa kununua, ni maduka ya Loft. Na zile dola 300,000 za wateja waliokunja uso zimetoka Loft. Guth alikuwa rais, hakuna aliyeweza kumwambia hapana.

Kwa hiyo mnaposikia "Guth alihatarisha", ulizeni angepoteza nini. Pepsi ingekufa mara ya tatu, aliyeumia ni Loft. Ilipopona, aliyepona ni Guth.

Mwaka 1935 Loft yenyewe ilikuwa hoi. Kukawa na mgogoro wa mishahara na wafanyakazi, na Oktoba Guth akajiuzulu, akaondoka na Pepsi yake kama anayebeba koti. Waliobaki wakakuta maduka yenye hasara na madaftari yaliyoonyesha pesa zao zilivyokwenda kujenga soda ya bosi. Wakashtaki. Hawakuwa hata na pesa ya kuendesha kesi. Kampuni ya uwekezaji iitwayo Phoenix Securities, aliyokuwamo Walter Mack, ndiyo iliyowapa msuli.

Utetezi wa Guth ulikuwa kama wako ndugu Mpingaji: nafasi ililetwa kwangu binafsi, si kwa Loft, Loft ni kampuni ya pipi, tena haikuwa na uwezo wa kuinunua. Mwaka 1938 Chansela wa Delaware, yaani jaji aliyeisikiliza kesi mwanzo, akakataa. Rufaa ikaja, na Aprili 1939 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Daniel Layton, ikakataa tena. Loft ilikuwa tayari inatengeneza shira na vinywaji, tena ilikuwa inatafuta mbadala wa Coca-Cola, na mtu aliyekuwa akilipwa kuutafuta mbadala huo ni Guth mwenyewe. Kiongozi wa kampuni akiona nafasi inayoihusu kampuni yake na kampuni ina uwezo wa kuichukua, hawezi kuinyakua akasema ni bahati yake. Hisa zile, ikasema mahakama, alizishika kwa niaba ya Loft. Akaamriwa kuzirudisha.

Ile barua ya "Pebsaco" mnaikumbuka? Aliiandika kama rais wa Loft, akitumia wadhifa wa Loft, kutatua shida ya Loft.

Mpingaji

Hiyo barua imenimaliza. Nakubali nusu. Nusu nyingine nasema bila yeye isingekuwepo ya kugombea.

Kizibo

Nusu inanitosha, mkuu. Na nusu yako ni ya kweli, ndiyo maana kesi ile inaumiza kichwa mpaka leo kwa wanaosoma sheria za makampuni.

BintiSukari

Baada ya hapo ikawaje? Mdororo uliisha, vita ikaja, bado senti 5?

Kizibo

Mack akawa rais wa Pepsi mwaka 1938 na akaishika ile senti 5 kama bendera. Akanunua muda wa redio kwa kibwagizo kifupi cha sekunde chache, kisichosema chochote zaidi ya kwamba unapata mara mbili kwa sarafu moja. Kikapigwa mpaka watoto wakakikariri. Akatuma ndege ziandike jina la soda kwa moshi angani.

Lakini bei ikishakuwa jina lako, inakuwia vigumu kuivua. Pepsi ilijulikana kama soda ya watu wa kipato cha chini. Ilisimuliwa kwamba kuna waliokuwa wakiimimina kwenye glasi jikoni, chupa isionekane, kisha wakaipeleka sebuleni kwa wageni kama Coca-Cola. Upande wa pili wa sifa hiyo: Wamarekani weusi, ambao matangazo ya makampuni makubwa yaliwapuuza au kuwakejeli, walikuwa wateja wazuri wa chupa kubwa, na Mack akaona. Mwaka 1947 akamwajiri Edward Boyd aunde kikosi cha wauzaji weusi kilichozunguka nchi nzima. Kwa Marekani ya ubaguzi wa wazi, vijana hao walilala majumbani mwa watu kwa sababu hoteli ziliwakataa. Huo peke yake unastahili uzi, nisiuharibu kwa mistari miwili.

Baada ya vita kila kitu kikapanda: sukari, kioo, mishahara. Chupa kubwa kwa senti 5 ikaanza kula mtaji. Pepsi wakapandisha bei, na mteja aliyeletwa na bei akaondoka na bei. Mwaka 1950 Mack akapisha usukani kwa Alfred Steele, aliyetokea Coca-Cola, na kazi ya kwanza ya Steele ikawa kuwasahaulisha watu kwamba hii ni soda ya rahisi.

MzeeWaLeja

Na Guth?

Kizibo

Alianzisha soda nyingine iitwayo Noxie-Kola. Haikufika popote. Alifariki 1948.

BintiSukari

Na Loft je? Maana ndiyo uliyoifungulia uzi, halafu umeiacha mahakamani.

Kizibo

Dada umenikamata. Loft ilishinda kesi, ikajikuta inamiliki soda yenye thamani kuliko pipi zake zote. Mwaka 1941 zikaunganishwa. Kwa makaratasi iliyobaki hai ni Loft, ila ikalivua jina lake ikajiita Pepsi-Cola Company, na biashara ya pipi ikatengwa pembeni chini ya jina la Loft Candy Corporation.

BintiSukari

Ngoja. Kwa hiyo kisheria kampuni ya Pepsi ni ile kampuni ya pipi iliyobadilisha jina?

Kizibo

Ndiyo, dada. Yule yule aliyelipa.